Wakulima wa Ufaransa Waliofufua Zabibu za Babu Zao

Katika kijiji cha Sarragachies, kusini-magharibi ya Ufaransa, kuna shamba la mizabibu lisilozidi eka moja. Mwaka 2012 Serikali ya Ufaransa ililiandika shamba hilo katika daftari ya vitu vya kale vinavyolindwa na sheria, daftari ile ile yenye makanisa makubwa na ngome za wafalme. Kabla ya hapo hapana shamba la mizabibu lililokuwa limepata heshima hiyo, ingawa Ufaransa ni nchi ya mizabibu toka zamani.

Wewe msomaji, uliye na eka zako chache za skimu, una haki kuuliza: eka moja ya mimea mikongwe ina nini hata ihesabiwe pamoja na ngome? Swali hilo ni la maana, na jibu lake lamhusu kila mtu anayepanda kitu kwa kukata tawi au kipande cha shina. Kama wewe si mtu wa kunywa divai, usigeuze ukurasa. Hatukuandika haya ili kumvuta mtu kwenye kilabu. Hii ni habari ya mbegu, ya chama cha ushirika na ya bei ya mavuno.

SHAMBA LENYEWE

Mizabibu ya Sarragachies ilipandwa mwanzoni mwa karne ya kumi na tisa, yaani yapata miaka mia mbili iliyopita. Jamaa moja ya wakulima imelitunza shamba hilo, baba akimwachia mtoto, na mtoto akimwachia mjukuu. Mashina yamekuwa manene na kupindika. Hayakupandwa kwa mistari mirefu kama ilivyo desturi siku hizi, bali kwa miraba, ili plau ya kukokotwa na ng'ombe ipate kupita kwa urefu na kwa upana pia. Mtu aliyepata kulima kwa maksai ataona mara moja faida ya mpango huo. Magugu hukatwa pande zote nne za shina, na kazi ya jembe la mkono inakuwa ndogo.

Lakini si uzee tu ulioleta wataalamu pale. Shamba la siku hizi kwa kawaida lina aina moja ya zabibu, na mimea yote hufanana kama sare. Walipoihesabu mizabibu ya Sarragachies, wataalamu walikuta aina zipatazo ishirini katika kipande hicho kidogo. Saba miongoni mwao hazikuweza kulinganishwa na aina yoyote iliyoandikwa vitabuni au kuhifadhiwa katika bustani za utafiti. Zilikuwa pale peke yake.

Usidhani mkulima wa kwanza alichanganya kwa sababu ya ujinga. Alikuwa na hesabu yake. Baridi ikipiga wakati aina moja imechanua, nyingine bado haijatoa ua. Aina hii ilitia rangi katika divai, ile ilitia utamu, na nyingine ilitia uchachu ambao huifanya divai isiharibike upesi. Mama anayepanda kunde, mahindi na malenge katika kipande kimoja anaifahamu hesabu hiyo bila kufundishwa darasani.

MMEA USIOWEKWA KIBUYUNI

Hapa yafaa tueleze jambo moja la mzabibu, maana bila hilo habari yote haitaeleweka.

Zabibu ina kokwa ndani, na ukiipanda itaota. Lakini mche utakaopata hautazaa zabibu kama ya mama yake. Ni vile vile kwa parachichi: kula tunda zuri sana, panda kokwa lake, ngoja miaka, kisha pengine utavuna tunda la nyuzi lisilo na mafuta. Kwa hiyo tangu zamani za Warumi wakulima wa mizabibu hukata tawi la mzabibu walioupenda na kulichomeka ardhini, kama wewe unavyofanya kwa muhogo, viazi vitamu na miwa.

Fikiri maana yake. Kila aina ya zabibu ni mmea mmoja tu, ulioanza mahali fulani siku moja, nao umerefushwa kwa kukatwa na kupandwa tena, kutoka mkono hadi mkono, kwa mamia ya miaka. Mahindi ya kienyeji waweza kuyakausha, ukayatia majivu, ukayafunga katika kibuyu juu ya jiko, na msimu ujao yakaota. Mzabibu hauwekwi kibuyuni. Lazima uwe hai ardhini kila mwaka, na mtu aupogoe kila mwaka. Shina la mwisho likifa, aina hiyo imekwisha duniani, wala hapana fedha itakayoirudisha.

Ndiyo sababu hazina za mbegu za kawaida, zile za vyumba vya baridi, hazitoshi kwa mimea ya namna hii. Sisi tunayo hazina ya taifa huko Muguga, nayo imefanya kazi kubwa kwa nafaka, kunde na mboga za kienyeji. Kwa mizabibu, Wafaransa walitengeneza bustani. Kubwa yao iko Vassal, karibu na mji wa Marseillan, kando ya bahari ya Mediterranean. Ilianzishwa mwaka 1949, na ndani yake kuna maelfu ya aina kutoka nchi nyingi. Ilipandwa katika mchanga mtupu wa pwani. Kwa nini mchanga? Tutakuja hapo sasa hivi.

MDUDU ALIYEITIKISA ULAYA

Katika miaka ya 1860 mizabibu ya kusini mwa Ufaransa ilianza kufa. Majani yaligeuka manjano kabla ya wakati wake, kisha mmea ukakauka, na mwaka uliofuata mimea iliyouzunguka ikafa pia, kama doa la mafuta linalotambaa juu ya nguo. Ulipong'olewa mzabibu uliokufa, mizizi yake ilikuwa imeoza na hapakuonekana mdudu yeyote. Watu wakalaumu hali ya hewa, wengine wakalaumu uchovu wa ardhi.

Mwaka 1868 Jules-Émile Planchon, mtaalamu wa mimea wa Montpellier, pamoja na wenzake, walifanya jambo ambalo halikuwa likifanywa. Walichimba mzabibu uliokuwa bado haujafa. Mizizi yake ilikuwa imejaa vidudu vya manjano, vidogo sana, jamaa ya wale chawa wa mimea wanaonyonya sukuma wiki. Vilikuwa vikinyonya mizizi, na mmea ukifa vinahamia wa jirani. Ndiyo maana havikuonekana kwenye mizizi iliyooza. Mdudu huyo huitwa filoksera. Alitoka Amerika ya Kaskazini, akapelekwa Ulaya pamoja na miche iliyosafirishwa kwa meli.

Hasara ilikuwa kubwa mno. Mwaka 1875 Ufaransa ilitengeneza divai hektolita milioni 84 hivi. Mwaka 1889 ilipata milioni 23 hivi. Vijiji vizima vilihama. Watu walijaribu kila dawa, hata kujaza maji shambani ili mdudu afe kwa kuzama.

Dawa iliyofaa ilitoka kule kule alikotoka mdudu. Mizabibu ya mwituni ya Amerika ilikuwa imeishi naye kwa muda mrefu sana, na mizizi yake haimwogopi. Basi wakulima wakachukua shina la Kiamerika kwa chini, wakaunganisha juu yake kitawi cha mzabibu wao. Ni kazi ile ile unayoiona katika vitalu vya miche, mchungwa mtamu ukiwa umeunganishwa juu ya shina la mlimau. Hata leo karibu mizabibu yote ya Ulaya inasimama juu ya mizizi ya asili ya Amerika.

Karibu yote, si yote. Katika mchanga mdudu huyu hawezi kutembea, kwa kuwa vijia vyake hubomoka na kumfukia. Kwa hiyo bustani ya Vassal iliwekwa pwani. Na udongo wa shamba la Sarragachies nao ni wa mchanga. Mizabibu yake haikuguswa, nayo inasimama juu ya mizizi yake yenyewe kama siku ilipopandwa. Karibu na hapo, katika eneo la Saint-Mont, kiko kipande kingine cha mchanga kilichopandwa mwaka 1871, chote cha zabibu nyeusi iitwayo Tannat, nacho pia kilipona.

JINSI AINA ZA KALE ZILIVYOTUPWA

Mtu angeweza kusema: mdudu ndiye aliyeua aina za kale. Hii ni nusu ya kweli. Nusu ya pili ni kazi ya watu, na kwa maoni yangu ndiyo nusu yenye mafunzo.

Zamani mkulima alikata matawi yake mwenyewe bila gharama, akapanda aina yoyote aliyoipenda. Baada ya mdudu ilimbidi anunue mche uliounganishwa. Mtu anayelipia kila mche hawezi kununua aina ishirini kwa kumbukumbu ya babu. Atachagua mbili au tatu zenye mavuno ya hakika. Wenye vitalu nao walizalisha zile zilizotakiwa na wengi. Aina nyingine hazikufa kwa mdudu. Zilikosa mtu wa kuziunganisha upya.

Kisha ikaja baridi ya Februari 1956, iliyoua mizabibu mingi sana katika sehemu hizo. Ikabidi kupanda tena, na mara hii pia watu wakachagua aina chache. Na Ufaransa inayo orodha ya Serikali ya aina za zabibu zinazoruhusiwa kupandwa kwa biashara. Aina isiyo katika orodha haiwezi kupandwa ili divai yake iuzwe, hata kama imekuwa kijijini tangu enzi za wafalme.

Juu ya hayo yote kulikuwa na bei. Divai ya kawaida ililipwa kwa wingi wake na kwa ukali wake wa kileo. Divai yenye asilimia 12 ilipata zaidi ya ile yenye asilimia 10, kama vile pamba safi inavyopata zaidi ya chafu. Na kileo hutokana na sukari: zabibu yenye sukari nyingi hutoa divai kali. Sasa katika sehemu zile palikuwa na zabibu nyeusi iitwayo Manseng Noir. Ilikuwa na rangi nzito sana, lakini sukari yake ilikuwa ndogo hata ikiiva barabara. Kila ilipopimwa, mwenyewe alipata fedha kidogo kuliko jirani yake. Kuna mkulima gani angeendelea nayo? Ikang'olewa.

Palikuwa na nyingine iitwayo Tardif, na jina lenyewe maana yake ni mchelewaji. Iliiva baada ya zote. Miaka mingi mvua na baridi ya vuli ziliipata ikiwa bado mbichi kwenye mti. Nayo ikang'olewa, yakabaki mashina ya kuhesabika.

Usiwalaumu wazee waliong'oa. Kwa bei ya siku zile na kwa hewa ya siku zile, walifanya hesabu iliyo sawa.

CHAMA CHA PLAIMONT

Eneo hili tunalolisema liko katika wilaya ya Gers, sehemu ya nchi ya kale iitwayo Gascogne, mbele ya milima ya Pyrénées. Ni nchi ya wakulima wadogo. Mizabibu ina historia ndefu huko. Watawa walijenga nyumba yao juu ya kilima cha Saint-Mont mwaka 1050, na mizabibu imekuwa ikilimwa kuzunguka kilima hicho tangu zamani.

Kufikia miaka ya 1970 hali ya wakulima hao ilikuwa mbaya. Sehemu kubwa ya zabibu nyeupe ilikuwa ikipikwa kuwa pombe kali iitwayo Armagnac, na soko la Armagnac lilikuwa likipungua. Vijana walikuwa wakienda mijini. Vilikuwako vyama vitatu vya ushirika, kila kimoja na mitambo yake na madeni yake: cha Plaisance, cha Aignan na cha Saint-Mont. Mwaka 1979 vyama hivyo viliungana, vikatoa jina kutoka vichwa na mikia ya majina yao: Pl, Ai, Mont. Ndicho chama cha Plaimont. Kiongozi wake wa miaka mingi alikuwa André Dubosc, mtu wa sehemu zile zile.

Chama kipya kilikuwa na njia mbili mbele yake. Njia ya kwanza ilikuwa rahisi kuiona: kung'oa mizabibu ya kienyeji na kupanda zile aina zinazojulikana dunia nzima, kama Cabernet na Chardonnay, ambazo mnunuzi wa London au New York anazifahamu kwa jina. Wengi katika nchi nyingi walifanya hivyo. Lakini mwenye mtaji mdogo akiuza bidhaa ile ile inayouzwa na matajiri wa nchi kumi, atashindana nao kwa kitu kimoja tu, nacho ni bei ya chini.

Dubosc na wenzake walishika njia ya pili. Walianza na zabibu nyeupe. Arrufiac ilikuwa imekaribia kusahauliwa. Wao waliifufua katika miaka ya 1980, na pamoja nayo ile iitwayo Petit Courbu. Ni aina zisizolimwa mahali pengi duniani. Divai yao ya Saint-Mont ilipata cheo cha kwanza cha Serikali mwaka 1981, na mwaka 2011 ikapandishwa kufikia cheo cha juu kabisa, kile ambacho mtu wa nje ya eneo haruhusiwi kulitumia jina lake. Nadhani hapa ndipo penye akili ya jambo hili. Jina la Chardonnay linaweza kutumiwa na mtu yeyote mwenye mche. Jina la Saint-Mont ni la watu wa Saint-Mont.

KUTAFUTA SHINA KWA SHINA

Baada ya hapo walianza kutembea. Walipita katika mashamba ya kale, nyuma ya nyumba, kando ya vichaka, wakiwauliza wazee: mzabibu huu unaitwaje? Mara nyingi mzee alijua jina la kijijini tu, au hakujua kabisa, lakini alijua ni wa tangu babu yake.

Kumtambua mzabibu ni ujuzi maalumu. Mtaalamu huangalia jani: ncha ngapi, mikato yake ina kina gani, chini ya jani kuna manyoya au hakuna, kichipukizi kina rangi gani kikifunguka. Siku hizi kipo na kipimo cha maabara kinachoonyesha ukoo wa mmea. Lakini jicho la mtu bado lina kazi. Mwaka 1994 Jean-Michel Boursiquot wa Montpellier alikuwa akitembea katika mashamba ya Chile, Amerika ya Kusini, akaona kwamba mizabibu mingi iliyokuwa ikiitwa Merlot haikuwa Merlot. Ilikuwa Carménère, zabibu ya Bordeaux ambayo Wafaransa waliihesabu kuwa karibu imetoweka tangu siku za mdudu. Matawi yake yalikuwa yamevuka bahari kabla ya msiba, yakalimwa huko kwa miaka zaidi ya mia chini ya jina la mwingine. Leo ni fahari ya Chile.

Mwaka 2002 chama cha Plaimont kilipanda bustani yake cha kuhifadhi huko Saint-Mont, ndani yake zaidi ya aina thelathini, zile zenye majina na zile zisizo na jina. Baadhi ya zile za Sarragachies zilipewa jina la shamba na namba, basi.

Msomaji anaweza kudhani kazi ilikwisha mche uliposhika. Ndipo ilipoanza. Kwanza lazima mmea uchunguzwe kama una ugonjwa wa virusi, kwa sababu tawi la mzabibu hubeba ugonjwa wa mama yake, kama vile vipande vya muhogo vinavyobeba batobato. Kisha vitawi huunganishwa juu ya mashina ya Kiamerika, hupandwa, na watu hungoja miaka mitatu kabla ya kupata mavuno ya kupimika. Zabibu chache za mstari mmoja haziwezi kutiwa katika mtambo mkubwa. Hutengenezwa divai katika chombo kidogo peke yake, ikaonjwa, ikaandikwa. Mwaka mmoja hautoshi, kwa sababu huenda ulikuwa wa mvua nyingi au wa jua kali. Hurudiwa mwaka wa pili, wa tatu, na kuendelea. Mtu akianza leo na shina moja, miaka kumi inaweza kupita kabla ya kujua kama alichookota ni mali au ni kuni.

Na nyingine ni kuni kweli. Tuseme wazi, kwa sababu wako watu wanaosifu kila kitu cha zamani. Si kila aina iliyotupwa ilionewa. Zipo zenye divai nyembamba isiyo na ladha, zipo zinazooza mvua ikinyesha siku mbili. Hizo hubaki katika bustani ya kuhifadhi, mistari michache, wala hazigawiwi wanachama.

ZABIBU ILIYOKATALIWA KWA KOSA LAKE

Sasa turudi kwa Manseng Noir.

Jua la kusini mwa Ufaransa limezidi ukali kuliko siku za babu zao. Joto limepanda, na mavuno yamesogea mbele kwenye kalenda. Zabibu hujaza sukari upesi, na sukari ikizidi, kileo huzidi. Tannat, ambayo ndiyo nguzo ya divai nyekundu ya sehemu hizo, mwaka wa jua hupita asilimia 14 kwa urahisi. Wanunuzi nao wamebadilika; wengi hawataki tena divai nzito ya kulewesha upesi. Mkulima akivuna mapema ili kukimbia sukari, kokwa na ganda huwa bado havijaiva, na divai inakuwa kali mdomoni kama ndizi mbichi.

Manseng Noir ikiiva barabara hukaa karibu na asilimia 12. Rangi yake ni ile ile nzito. Kipimo kilichoihukumu zamani hakikubadilika hata kidogo; kilichobadilika ni watu wanataka namba gani kwenye kipimo. Chama kimeizalisha kutoka mashina machache yaliyookotwa, kikaipanda katika mashamba ya wanachama, na divai yake sasa inauzwa madukani.

Tardif nayo imepata siku zake. Vuli ya sasa ina joto kuliko ile ya zamani, na mchelewaji anapata muda wa kuiva. Divai yake ina harufu ya pilipili manga, na si maneno ya kupamba: ndani ya zabibu hiyo kuna kitu kile kile kinachoipa pilipili manga harufu yake. Katika miaka ya joto, zabibu inayochelewa kuiva ni msaada, maana huiva wakati usiku umeanza kupoa.

Hakuna mtu aliyeyajua haya miaka ya 1950. Hata wataalamu hawakuyajua. Jamaa ile ya Sarragachies haikuweka mizabibu yake kwa kutabiri joto. Iliiweka kwa sababu ilikuwa ya kwao.

NI NANI ANAYELIPA?

Hili ndilo swali ambalo mwanachama yeyote wa ushirika ataliuliza katika mkutano wa mwaka, na ni haki yake. Bustani ya kuhifadhi inachukua ardhi nzuri, inapogolewa, inapigwa dawa, na mavuno yake hayajazi hata pipa. Mkulima mmoja mwenye eka tano na karo za watoto hawezi kubeba mzigo huo. Akipata mwaka mbaya, mistari isiyomlipa ndiyo atakayong'oa kwanza, na hata mimi ningefanya hivyo.

Lakini gharama hiyo ikigawanywa kwa mamia ya jamaa za wakulima, kila mmoja hukatwa kidogo sana. Plaimont ina maelfu ya hekta za wanachama, na bustani yake ya kuhifadhi ni kipande kidogo kati ya hizo. Tena chama ndicho chenye nguvu ya kufanya yale yasiyowezekana kwa mtu mmoja: kuita wataalamu, kushirikiana na vyuo vya Toulouse na Montpellier, kupeleka maombi ili aina iandikwe katika orodha ya Serikali, na kumwahidi mwanachama anayekubali kupanda aina ngeni kwamba zabibu zake zitapokelewa kiwandani. Bila ahadi hiyo ya mwisho hapana mtu angepanda. Ningependa wenyekiti wa vyama vyetu wausome mstari huo mara mbili.

Kwa upande wako wewe, mizabibu pengine haimo katika mipango yako, ingawa jirani zetu wa Dodoma huko Tanzania huilima na kutengeneza divai. Lakini una viazi vitamu, muhogo, ndizi, labda mikahawa ya zamani ya baba yako. Ukipewa aina mpya na Idara ya Kilimo, ipande. Imejaribiwa, na kwa kawaida huzaa zaidi. Ila usimalize ile ya kale siku hiyo hiyo. Acha mstari mmoja mwishoni mwa shamba, na umpe jirani wa skimu vipande vichache apande kwake, ili wako ukifa wake uwepo. Ukiwa na aina ambayo hakuna mtu kijijini anayeijua jina, mwonyeshe afisa wa kilimo kabla ya kushika panga. Andika pia kwenye karatasi ulivyoipata na kwa nani, kwa sababu mzee anayejua jina lake hatakuwako siku zote.

Huko Sarragachies mashina ya kale yanaendelea kupogolewa kila majira ya baridi, kwa mkono, moja moja. Vitawi vilivyokatwa kwake vimekwisha pandwa Saint-Mont, kwa hiyo hata radi ikipiga shamba lile, zile aina saba hazitakwisha. Bado hazina majina yaliyozoeleka. Wanaozionja huzitaja kwa namba.